SHERIA NI KALI, LAKINI MLANGO U WAZI

Ndugu na dada, wapenda haki na waumini wa makanisa yote, wa Kwa Vonza na wa Ukambani kote:

Kuna uongo uliorudiwa mara nyingi hata ukavaa sura ya ukweli. Unasema kwamba binti zetu wanaokwenda Uarabuni na kurudi na makovu, au kurudi ndani ya sanduku, walikwenda kwa hiari yao wenyewe. Kwa hivyo hakuna wa kulaumiwa. Uongo huo una pacha wake, asemaye kwamba Kenya tayari ina sheria kali kuliko majirani zake. Kwa hivyo hakuna cha kudai. Tunaandika waraka huu kuwakataa mapacha hao wawili. Hatutawakataa kwa matusi. Tutazisoma sheria zenyewe, yetu na za wengine, na kuziweka kando kwa kando kama mama apimavyo mahindi sokoni, kibaba kwa kibaba, hadi ijulikane nani anapunja.

Kwa nini kutoka Kwa Vonza? Kwa sababu hapa ndipo safari inapoanzia. Safari ya kwenda Riyadh haianzi katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Huanza katika soko kama letu, kando ya barabara ya Kitui na Machakos, pale dalali aliyevaa vizuri anapomuuliza mama kama hana binti aliyemaliza kidato cha nne. Huanza wakati mvua imekata. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika nyanda kame za nchi yetu. Mbuzi walikufa, mimea ikanyauka, na karo ya shule ikabaki palepale. Dalali huijua kalenda ya njaa kuliko afisa wa kilimo.

Wala mwenye shahada asidhani amesalimika. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko hapa hapa Kwa Vonza, na tangu 2022 serikali yenyewe imetoa onyo kuhusu vijana waliosoma ambao huahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakajikuta wamefungiwa katika kambi za utapeli nchini Myanmar. Septemba 2025 polisi waliwatoa watu zaidi ya 20 katika nyumba moja huko Athi River, waliokuwa wakisubiri kupelekwa Urusi, ambako wenzao walijikuta vitani. Mtego ni uleule. Chambo tu ndicho kinachobadilishwa.

Na gharama yake tunaijua. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilisema kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa miaka miwili, na vifo vingi vilielezwa kuwa vya mshtuko wa moyo. Wasichana wa miaka ishirini na kitu, waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege, mioyo yao yote ikasimama! Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, waliofia Saudia katika miaka mitano. Yeyote asemaye kwamba hakuna wa kulaumiwa na aje kwanza asimame kando ya makaburi hayo.

SHERIA YETU INASEMA NINI?

Tuanze nyumbani. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu mwaka 2010, nayo ikaanza kutumika mwaka 2012. Msingi wake ni itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Novemba 2000, ambayo hujulikana kwa jina la mji wa Palermo, na ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005. Itifaki hiyo huutambua ulanguzi kwa mambo matatu: tendo, kama vile kumwandikisha au kumsafirisha mtu, njia, kama vile kumdanganya, kumtisha au kuutumia unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Akiwa ni mtoto, hata hiyo njia haihitaji kuthibitishwa.

Hapa ndipo yule pacha wa kwanza anapoanguka. Sheria yetu inasema wazi kwamba ikiwa mtu alidanganywa au alishurutishwa, kukubali kwake si utetezi kwa mlanguzi. Binti aliyetia saini mkataba wa kuwa karani, kisha akafika na kukabidhiwa jiko, nyumba ya ghorofa tatu na watoto saba, hakukubali utumwa. Alikubali ukarani. Atamkaye neno "hiari" juu yake hajaisoma sheria ya nchi yake, au ameisoma na kuificha. Tena Katiba ya 2010 inasema, katika kifungu cha 30, kwamba mtu yeyote asiwekwe katika utumwa, na kifungu cha 25 kinaiweka haki hiyo miongoni mwa zile chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Adhabu je? Sheria ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na akirudia, kifungo cha maisha. Lisomeni tena lile neno dogo lililo katikati: AU. Katika neno hilo limo tundu la kupitisha ngamia. Maskini aliyemsafirisha mpwawe kwa ujinga na tamaa ya elfu tano ataozea gerezani, kwa kuwa hana milioni 30 wala hatakuwa nazo hata azaliwe mara kumi. Tajiri mwenye mtandao wa mawakala katika nchi nne ataandika hundi. Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Walisema hivyo kwa masikitiko. Hawakukusudia tukiandike katika kitabu cha sheria.

MAJIRANI ZETU

Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008. Wakati huo ilikuwa dhaifu kuliko yetu: kwa kosa la kawaida, hakimu angeweza kutoza faini ya kuanzia shilingi milioni 5 za Tanzania, bila kifungo. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2022 Watanzania waliirekebisha sheria hiyo na kuliondoa tundu la faini badala ya kifungo. Jirani aliyeanza nyuma yetu ametupita njiani, huku sisi tukiendelea kujisifu kwa ukali wa sheria yetu.

Uganda ilitunga yake mwaka 2009. Huko ulanguzi wa kawaida ni kifungo cha miaka 15. Ukiwa wa hali mbaya zaidi, ni maisha. Na kwa ulanguzi mbaya wa watoto sheria ile ilifika hata kwenye adhabu ya kifo. Sisi hatuwaombi wabunge wetu kitanzi. Ulanguzi haukukoma Kampala kwa sababu ya kitanzi kilichoandikwa kwenye karatasi. Mlanguzi haogopi adhabu kubwa, anaogopa kukamatwa. Na adhabu kubwa mno huweza kuuziba mdomo wa shahidi. Mama atasitaje kumtaja shangazi aliyemchukua mtoto, ikiwa anajua kwamba kumtaja ni kumzika miaka 30? Matokeo yake ni kesi kumalizwa chini ya mti kwa mbuzi wawili, au washukiwa kushtakiwa kwa makosa madogo ya uhamiaji. Kwa hivyo kipimo cha sheria si miaka iliyoandikwa. Kipimo ni watu wangapi wanaokolewa, na nani anayebeba mzigo wa kujiokoa.

SOMO LA MWAKA 1897

Kuhusu mzigo huo, pwani yetu ina somo la kale. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash. Lakini kufunga soko si kumfungua mtumwa. Hali ya utumwa yenyewe iliondolewa kisheria Unguja na Pemba kwa amri ya Aprili 6, 1897. Je, amri ile iliwafanya watu huru asubuhi ile? La! Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909, kwa hoja kwamba wao ni watu wa nyumbani. Katika pwani ya Kenya mambo haya yalisubiri hadi 1907.

Wapendwa, yatazameni maneno hayo: watu wa nyumbani. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado sheria hukoma kwenye kizingiti cha mlango wa nyumba ya tajiri. Na bado mnyonge ndiye anayetakiwa kutoka, kutafuta njia, kupata nauli, kulijua jina la ofisi, na kubisha hodi.

SHERIA ZA WANAOWAPOKEA

Saudia haikosi sheria. Tangu 2009 ina sheria dhidi ya ulanguzi wa binadamu yenye kifungo cha hadi miaka 15 na faini ya hadi riyali milioni moja. Ukiisoma peke yake utadhani binti wa Kitui yuko salama huko kuliko Nairobi. Lakini sheria haisomwi peke yake. Sheria ya kazi ya Saudia ya mwaka 2005 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Walitengewa kanuni zao mwaka 2013, na mageuzi ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengine kubadili mwajiri bila kumpigia magoti mwajiri wa kwanza, hayakuwagusa.

Mzizi wa yote hayo ni ule mfumo wa kafala. Kibali cha mgeni cha kukaa nchini hufungwa kwenye jina la mwajiri, ambaye ndiye kafili. Mfanyakazi akitoka nje ya lango bila ruhusa, kafili huripoti kwamba ametoroka, na tangu saa hiyo mwenye kudhulumiwa hugeuka mhalifu anayetafutwa. Mkono mmoja wa serikali unaandika kwamba utumwa ni kosa. Mkono wa pili unamrudisha aliyekimbia. Ahadi za kuuvunja mfumo huu zimetolewa zaidi ya mara moja. Tutazipima kwa jambo moja tu: je, binti aliyepigwa anaweza kufungua mlango, kutoka mchana, na asikamatwe?

Kwa wenzetu waumini tunakumbusha kwamba jambo hili lilikwisha kutolewa hukumu zamani. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, iliagiza kwamba mtumwa aliyekimbia asirudishwe kwa bwana wake, bali akae mahali atakapopapenda. Na kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kilimwita mwenye kuiba mtu na kumuuza mwenye kustahili kifo. Watu wa jangwani, wasio na bunge wala kompyuta, walijua kwamba sheria dhidi ya kuuza watu ni bure ikiwa aliyekimbia anarudishwa.

Tusidhani pia kwamba Uarabuni kote ni hali moja. Kuwait ilitunga mwaka 2015 sheria maalum ya watumishi wa nyumbani, ikaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku na siku moja ya mapumziko kila wiki. Haijamaliza dhuluma, lakini imethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Basi asituambie mtu kwamba mila au dini ya huko inakataza. Kinachokataza ni bei rahisi ya binti wa Kiafrika ambaye serikali yake haipigi kelele.

WAFILIPINO WALIFANYA NINI?

Sasa tuwatazame maskini wenzetu waliopiga kelele. Machi 1995 Flor Contemplacion, mtumishi wa nyumbani kutoka Ufilipino, alinyongwa Singapore. Wafilipino waliamini kwamba serikali yao haikumtetea ipasavyo. Makanisa na barabara zikajaa hasira. Kabla ya katikati ya mwaka uleule, Juni 1995, sheria mpya ya wafanyakazi wahamiaji ilikuwa imekwisha kutiwa saini.

Sheria ile ina mambo matatu ambayo yetu haina. Kwanza, wakala aliye nyumbani anawajibika pamoja na mwajiri aliye ng'ambo: mwajiri wa Jeddah akikosa kulipa mshahara, binti hamshtaki mtu asiyemfikia, anamshtaki wakala wa Manila. Pili, wakala akiwa ni kampuni, wakurugenzi wenyewe hubanwa kwa mali zao. Hawawezi kuifunga ofisi leo na kuifungua kesho kwa jina jipya. Tatu, kuwaandikisha kinyume cha sheria watu watatu au zaidi ni hujuma ya uchumi, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Na mwaka 2018, mwili wa mfanyakazi Mfilipino ulipopatikana ndani ya friji Kuwait, serikali ilisimamisha kwanza kuwapeleka watu, ndipo ikajadiliana. Na mkataba uliotoka Mei mwaka huo ukataka wafanyakazi wabaki na simu zao na waajiri wasizishike pasipoti zao.

Na sisi? Tulipiga marufuku mwaka 2012, tukapiga tena 2014 na kufuta leseni za mamia ya mawakala, kisha tukafungua mlango mwaka 2017. Marufuku bila sheria ya kumbana wakala ilikuwa kama kuziba mto kwa mikono. Mabinti walipitishwa nchi jirani, na dalali akapandisha bei. Leo serikali inahimiza vijana waende ng'ambo, na ina sababu zake: fedha walizotuma Wakenya walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Lakini anayekula jasho la binti huyo ana deni la kumlinda. Huwezi kumhesabu katika bajeti akiwa hai na kumwachia familia yake mchango wa kumsafirisha akiwa maiti.

Neno moja zaidi kuhusu wanaookolewa. Italia, kwa sheria ya 1998, ilimruhusu aliyelanguliwa apewe kibali cha kukaa na msaada hata kama hajakubali kutoa ushahidi. Marekani, kwa sheria yake ya Oktoba 2000, iliwatengea walanguliwa vibali maalum vya kukaa, hadi 5,000 kwa mwaka. Sheria yetu nayo ina vifungu vyema: aliyelanguliwa asishtakiwe kwa makosa yaliyotokana na kulanguliwa kwake, na kuwe na mfuko wa taifa wa kumsaidia. Lakini mfuko huo umepewa fedha kidogo mwaka baada ya mwaka, na kitengo maalum cha polisi kina ofisi Nairobi na Mombasa. Mama wa Kwa Vonza atafikaje huko? Tumerudi kulekule kwa 1897: haki ipo, mwenye nauli aende akaitafute.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Tungekuwa wanafiki tungeyamalizia haya Uarabuni. Sheria ya 2010 inasema ulanguzi unaweza kufanyika ndani ya mipaka ya Kenya pia. Msichana wa darasa la saba aliyetolewa Lower Yatta kwa ahadi ya kusomeshwa Nairobi, kisha akawa yaya asiyelipwa na asiyeiona shule, amelanguliwa. Hakuna bahari iliyovukwa wala kafili aliyehusika. Aliyempokea huenda ni mtu wa ukoo, huenda ni mwenye kiti cha mbele kanisani. Yusufu hakuuzwa kwanza na wageni. Aliuzwa na ndugu zake, nao wafanyabiashara walimnunua kwa vipande 20 vya fedha. Mwenye kuwashutumu watu wa Riyadh na asikilize kwanza nani analia jikoni mwake.

TUNADAI NINI?

Tunadai mambo matano, na tunataka kila anayekuja kwetu kuomba kura, wa chama chochote, ayajibu hadharani:

1. Neno AU lifutwe katika adhabu ya ulanguzi. Faini iongezwe juu ya kifungo, isiwe mbadala wake. Na hakimu apewe nafasi ya kumtofautisha mjinga aliyetumwa na tajiri aliyetuma.

2. Wakala na wakurugenzi wake wawajibike pamoja na mwajiri wa ng'ambo kwa mshahara, matibabu na kifo, kama ilivyo Ufilipino tangu 1995.

3. Mikataba yote ya kazi kati ya Kenya na nchi za Ghuba ichapishwe, kwa Kiswahili pia, na asipelekwe mtu mahali ambapo sheria ya kazi haimtambui.

4. Mfuko wa walanguliwa utengewe fedha za kutosha, hesabu zake zitangazwe, na kuwe na nyumba ya hifadhi na afisa wa polisi aliyefunzwa katika kila kaunti, Kitui na Makueni zikiwamo.

5. Kila mwili unaorudishwa ufanyiwe uchunguzi hapa nyumbani kwa gharama ya serikali, na familia ipewe taarifa kwa maandishi. "Mshtuko wa moyo" usiwe jina la kila kifo.

Lakini tusikae tukisubiri Bunge. Kila kanisa na kila kikundi cha mwethya kiweke daftari la wanaosafiri: nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina la wakala, jina la mwajiri. Wakala asiruhusiwe kutangaza kazi kanisani kabla ya kuthibitishwa kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kabla ya kuchangisha nauli, wazee waulize: mkataba uko wapi, umeandikwa kwa lugha gani, na nani atajibu akipotea? Mtoto akiwa hatarini, simu ya 116 haina malipo. Na anayerudi mikono mitupu asichekwe sokoni. Aketishwe na asikilizwe, kwa maana ushahidi wake ndio utakaomkamata dalali.

Watawala hupenda kutuambia kwamba sheria ni kazi ya wanasheria. Wafilipino walionyesha kwamba sheria huandikwa pale hasira ya watu wa kawaida inapokuwa na mpangilio. Sheria kali tunayo. Kinachokosekana ni mkono wa kuufunga mlango, na mkono huo hautashuka kutoka Nairobi pasipo kuvutwa.

Daftari lianze kuandikwa Jumapili hii.